Kuendesha Gari kwa Mafuta Machache Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila bei ya petroli inapopanda, maswali huwa ni yale yale: nikiweka nyutro mlimani nitaokoa? AC inakula kiasi gani? Ile petroli ya bei ya juu ina faida yoyote? Majibu haya yanamfaa mwenye Premio au Wish, dereva wa taksi ya abiria 14, mwenye lori la kwenda Malaba, na pia mtu wa bodaboda, ambaye ana swali lake kule chini. Hesabu zote za fedha nimezifanya kwa kudhani lita moja ni shilingi 5,000. Wewe weka bei ya kituo chako.

Mbona mafuta hupanda bei hapa hata soko la dunia likiwa limetulia?

Uganda haina bandari. Karibu mafuta yetu yote hushushwa Mombasa, husukumwa kwa bomba la Kenya mpaka Kisumu au Eldoret, kisha hupakiwa kwenye malori ya tangi na kuvuka mpaka Malaba au Busia. Njia ikiziba popote hapo, sisi ndio tunaoumia. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma mpakani kwa sababu ya vipimo vya Covid-19, foleni ilirefuka ndani ya Kenya na lita ikapita shilingi 10,000 katika baadhi ya maeneo. Tangu Julai 2024 shirika la mafuta la taifa, UNOC, ndilo lililopewa kazi ya kuingiza petroli na dizeli nchini, ila barabara ya kupitia haijahama. Na ukienda mbali na Kampala, Arua au Karamoja kwa mfano, bei huongezeka tena.

Kwa hiyo bei huipangi. Unachopanga ni jinsi unavyokanyaga pedali, na hapo pana fedha nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Nitajuaje gari langu linakula kiasi gani hasa?

Mali bila daftari huisha bila habari, na mafuta ni mali. Dereva akikuambia "gari hili halili mafuta", muulize ni kilomita ngapi kwa lita. Wengi hawana jibu, kwa sababu wananunua ya elfu kumi leo, ya elfu ishirini kesho, na mshale hautulii mahali pa kusomeka.

Jaza tenki mpaka pampu ikatike yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako mpaka tenki likaribie robo, kisha rudi kwenye kituo kile kile, ikiwezekana pampu ile ile, ujaze tena mpaka ikatike. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Ukitembea kilomita 420 na pampu ikaingiza lita 35, gari lako linakwenda kilomita 12 kwa lita. Rudia mara mbili tatu, maana kipimo kimoja kinaweza kudanganya.

Magari mengi ya kutoka Japani huonyesha namba hiyo kwenye dashibodi, imeandikwa km/L. Itumie kulinganisha leo na jana, lakini usiichukue kama hesabu ya mwisho. Mara nyingi inalisifu gari kidogo.

Sasa tuseme unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Kwa kilomita 12 kwa lita unatumia lita 125. Ukifika 13.5, ambalo si jambo la ajabu kwa mtu aliyebadilisha uendeshaji tu, unatumia lita 111. Hizo ni karibu shilingi 70,000 zimebaki mfukoni bila kununua kifaa chochote.

Tabia gani inamaliza mafuta kuliko zote?

Kukanyaga mafuta kwa nguvu, kisha kufunga breki kwa nguvu. Mambo mengine yote kwenye ukurasa huu, ukiyaweka pamoja, huenda yasifikie hili moja.

Ukitaka kuliona kwa macho, simama Nakawa saa moja na nusu asubuhi utazame magari yanayoingia mjini kwa barabara ya Jinja. Nafasi ya mita 50 inafunguka. Taksi inairukia, injini inalia, abiria wanaegemea nyuma, halafu breki, abiria wanakuja mbele, na taksi imesimama nyuma ya lori. Kwenye mstari wa pili kuna gari dogo limekuja polepole kwa gia ya pili. Linafika nyuma ya lori lile lile sekunde chache baadaye, na kwa kuwa lori limeanza kuondoka, halikusimama kabisa. Wote wawili wako mahali pamoja. Mmoja amelipia mwendo, akauchoma kwenye breki, na sasa analipia mwendo mwingine kuanzia sifuri.

Hapo ndipo mafuta yanapokwenda. Petroli imechomwa ili gari lipate mwendo. Breki inaugeuza mwendo ule kuwa joto kwenye diski na pedi, na joto hilo halirudi kwenye tenki. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa uendeshaji wa pupa hupunguza umbali unaopatikana kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 mahali pa kusimama na kuondoka. Kampala ni mahali pa kusimama na kuondoka.

Dawa yake ni macho. Usitazame gari lililo mbele yako tu, tazama magari matatu manne mbele. Ukiona taa nyekundu za breki kule mbali, au askari wa trafiki ameinua mkono kwenye makutano, achia pedali ya mafuta mapema na uliache gari lijipunguze lenyewe. Ukiwa na bahati, upande wenu unaruhusiwa kabla hujafika na hukugusa breki.

Matuta ni vivyo hivyo. Kwenye barabara ya Masaka, kila kituo cha biashara kina matuta yake, na anayeipita njia hiyo kila wiki anajua lilipo kila tuta. Lakini watu bado huliendea kwa mwendo wa 80 na kufunga breki mita 20 kabla. Achia mapema. Gari litapoteza mwendo taratibu, utapanda tuta kwa upole, na shokomzoba zitakushukuru pia.

Kuna wanaosikia ushauri huu wakaanza kuondoka kama konokono. Sivyo. Ondoka kwa nguvu ya wastani, mshale wa mzunguko wa injini ukicheza kati ya 2,000 na 2,500 kwa gari la petroli la kawaida, ufikie mwendo unaoutaka, kisha utulie hapo. Kuburuza gari kwenye gia za chini kwa muda mrefu nako kunakula.

Nikiacha nafasi mbele, bodaboda na taksi zinaingia. Nifanyeje?

Waache waingie. Kila taksi inayokuingilia inakurudisha nyuma urefu wa gari moja, yaani mita tano hivi. Zikikuingilia kumi kutoka Ntinda hadi mjini, umechelewa mita 50. Mtu anayegoma kuachia nafasi anaendesha akiwa amebanana na gari la mbele, anafunga breki kila linapofunga, na mwishowe analipia kiburi hicho kituo cha mafuta. Na bampa pia, mara nyingine.

Mwendo gani unafaa kwenye barabara kuu?

Kwa magari mengi madogo, kati ya 70 na 90 kwa gia ya juu kabisa. Ukipita hapo, adui ni upepo. Nguvu ya upepo unaolisukuma gari nyuma haiongezeki sawasawa na mwendo. Huongezeka kwa mraba wake. Ukitoka 80 hadi 100, mwendo umeongezeka kwa robo, lakini upinzani wa upepo umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Ukifika 120, upinzani ni zaidi ya mara mbili ya ule wa 80.

Kampala hadi Mbarara ni kama kilomita 270. Kwenye karatasi, kwenda kwa 100 badala ya 80 kunakuokolea dakika 40. Barabarani huzipati hizo dakika. Kuna Lukaya, kuna Lyantonde, kuna malori yanayopanda kilima kwa mwendo wa 30, kuna vizuizi vya polisi, na kila mahali hapo yule aliyekupita kwa kasi unamkuta amesimama. Ameokoa dakika 15, labda 20, na amekunywa mafuta mengi kuliko wewe. Kama una mgonjwa ndani ya gari ni jambo lingine.

Kwa malori na mabasi, sheria imeweka 80, na bahati nzuri sheria na mfuko hapa wanasema lugha moja. Lori lina uso mpana kama ukuta. Upepo unaliumiza zaidi kuliko gari dogo.

Nikiteremka mlima, niweke nyutro ili injini isile?

Hapana. Hili ndilo kosa linalopendwa sana na madereva wa taksi, na lina hasara mbili.

Ya kwanza ni mafuta yenyewe. Gari lenye injekta za kunyunyizia mafuta kwenye injini, yaani karibu kila gari dogo linaloingia kutoka Japani siku hizi, likiwa kwenye gia nawe umeachia pedali kwenye mteremko, kompyuta yake hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, magurudumu hayaishiki tena injini, kwa hiyo inabidi ipewe mafuta isizimike. Yaani umetoka kwenye sifuri ukaenda kwenye kitu, ukidhani unaokoa.

Ya pili ni breki. Kutoka Kapchorwa kushuka uwanda wa chini, au kwenye vilima vya Kabale, gari lililo nyutro linategemea breki peke yake. Pedi zinachemka, mafuta ya breki yanachemka, na pedali inazama bila kushika. Kwenye mteremko mrefu, shuka kwa gia ambayo ungepandia. Mwenye otomatiki ashushe kwenye 2, L au B kutegemea gari lake. Mwenye lori atumie breki ya injini tangu juu, si katikati ya mlima baada ya kusikia harufu.

Magari ya zamani ya kabureta hayakati mafuta namna hiyo. Hata kwa hayo, faida ya nyutro ni ndogo mno kulinganisha na hatari yake.

Nizime injini kwenye foleni?

Kama una hakika mtasimama zaidi ya dakika moja, zima. Injini ya gari dogo ikinguruma bila kutembea inakula karibu lita moja kwa saa, pungufu kidogo kwa injini ndogo, zaidi kwa kubwa au AC ikiwa imewashwa. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni ni shilingi 5,000 kwa siku, na hujaenda popote. Kuwasha tena hakuli mafuta mengi kama watu wanavyoamini. Ni kama mafuta ya sekunde kumi za kunguruma.

Lakini tumia akili. Betri iliyochoka au stata inayosuasua haitaki mchezo huu, na hakuna aibu kama kusukumwa katikati ya makutano ya Wandegeya. Usizime gari likiwa linatembea hata kidogo, maana usukani unakuwa mzito na msaada wa breki unakwisha baada ya kukanyaga mara chache. Mwenye injini ya tabo (turbo) iliyotoka kupanda mlima na mzigo aiache ingurume dakika moja kwanza ndipo azime.

Kwa watu wa malori, foleni ya mpakani ndiyo shimo lenyewe. Kusogea lori moja kila robo saa huku injini inawaka kutwa ni mafuta ya safari nzima ya mtu mwenye Vitz.

Gari langu ni otomatiki. Kuna kitu cha kuangalia?

Kwanza, tazama dashibodi yako sasa hivi. Kama kuna taa imeandikwa O/D OFF na inawaka, umeziba gia ya juu kabisa. Kwenye Toyota nyingi za zamani kidogo kuna kitufe pembeni ya kiwiko cha gia; mtoto, mwosha gari au goti la abiria linaweza kukibonyeza, na mwenye gari akaendesha miezi akilalamika kwamba gari linalia na kula sana kwenye barabara ya Gulu. Bonyeza, taa izimike, na mshale wa mzunguko utashuka wenyewe ukiwa kwenye 80. O/D OFF ina kazi yake wakati wa kupanda mlima mrefu au kuteremka, ukimaliza, irudishe.

Pili, kama lina taa ya kijani ya ECO, itumie kama mwalimu. Inawaka unapokanyaga kwa upole na inazimika unapozidisha.

Na mwenye gia za mkono?

Panda gia mapema, karibu mzunguko wa 2,000 hadi 2,500 kwa petroli na chini kidogo ya hapo kwa dizeli, lakini usiilazimishe injini mpaka itetemeke. Usiweke mguu juu ya klachi ukiwa safarini.

AC au madirisha?

Mjini kwa mwendo mdogo, fungua madirisha. Barabara kuu kwa 80 na kuendelea, funga madirisha na utumie AC kwa kiasi, kwa sababu madirisha yaliyo wazi yanakamata upepo na kulipunguzia gari mwendo. Kampala iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, asubuhi zake ni za baridi. Wengi wanawasha AC kwa ajili ya vumbi na moshi zaidi ya joto. Gulu au Moroto mwezi wa Februari ni habari nyingine. Gari likiwa limekaa juani, lifungue milango dakika moja joto litoke, kisha ndipo uwashe.

Asubuhi nilipashe moto gari kwa muda gani?

Nusu dakika inatosha. Kisha endesha taratibu kilomita mbili tatu za kwanza. Injini hupata joto haraka zaidi ikitembea kuliko ikisimama uani huku mwenyewe anakunywa chai.

Jambo kubwa hapa ni safari fupi. Injini baridi hula zaidi, kwa hiyo safari tatu za kilomita mbili mbili, injini ikipoa katikati, zinakula kuliko safari moja ya kilomita sita. Unganisha soko, shule na benki.

Upepo wa tairi una uzito kiasi gani katika hesabu hii?

Si mkubwa kama mguu, lakini ndio wa bei rahisi kuliko yote. Tairi lililopungukiwa upepo linabonyea, linashika lami kwa upana mkubwa, na injini inalipa.

Shida yetu ni kwamba watu wa upepo barabarani hujaza kwa mazoea, kila gari namba ile ile. Fungua mlango wa dereva utazame nguzoni: kuna karatasi ya kiwanda imebandikwa. Kwenye magari ya Japani imeandikwa kPa, na mara nyingi kg/cm² pembeni. Kama inasema 230 kPa, hiyo ni karibu 33 kwa PSI ambayo jamaa wa upepo anaielewa. Kama inasema 220, mwambie 32. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa sababu baada ya kutembea hewa hupanuka na kipimo hupanda.

Usizidishe ukidhani ndiyo kuokoa zaidi. Tairi lililojaa kupita kiasi linaruka kwenye mashimo na kushika vibaya mvua ikinyesha. Na kama gari linavuta upande mmoja baada ya kuanguka kwenye shimo, nenda ukapimishe mpangilio wa magurudumu.

Mzigo na keria je?

Kila kilo 45 za ziada huongeza ulaji kwa kama asilimia moja kwenye gari dogo, kwa hiyo matofali mawili na mtungi wa gesi vilivyosahauliwa buti tangu Krismasi vitoe. Lakini mzigo wa juu ya paa ni mbaya kuliko wa ndani, kwa sababu unaongeza uzito na upepo kwa pamoja. Sanduku kubwa la paani linaweza kula robo ya mafuta yako kwenye mwendo wa kasi. Taksi inayotoka Masaka na mikungu ya matoke juu haina la kufanya, hiyo ni biashara. Ila mwenye gari la familia aliyeacha keria tupu mwaka mzima kwa sababu linapendeza, analipia urembo.

Fundi alitoa themostati akasema gari halitachemka tena. Ni sawa?

Si sawa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni ugonjwa wa gereji zetu.

Themostati ni kivalvu kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto lake, karibu nyuzi 90. Gari likichemka, fundi asiyetaka kutafuta chanzo, rejeta iliyoziba, feni mbovu, kifuniko kisichoshika, hukitoa na kukitupa. Gari haliwahi kuchemka tena mjini, mwenyewe anafurahi. Lakini kwenye barabara kuu, upepo ukipiga rejeta, injini inabaki baridi safari nzima. Kompyuta inasoma baridi ile, inaamini ndiyo kwanza umewasha gari, na inaendelea kumwaga mafuta ya ziada. Oili nayo haifikii wepesi wake.

Dalili ni rahisi: mshale wa joto unabaki chini kabisa hata baada ya nusu saa, au unashuka kila unapoteremka. Themostati mpya ni bei ndogo. Mwambie fundi akirudishe, kisha atafute kilichokuwa kinachemsha gari.

Dada yake ni taa ya injini iliyowaka na kuzoeleka, wengine huibandika gundi ya karatasi isiwasumbue. Sensa ya oksijeni ikifa, ulaji unaweza kupanda kwa hadi asilimia 40. Breki iliyong'ang'ania nayo huvuta gari kimya kimya: baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa inatoa joto kuliko wenzake, umeshapata mwizi wako.

Chujio la hewa lililojaa vumbi la murram libadilishwe, ingawa kwenye magari ya injekta linapunguza nguvu zaidi kuliko linavyoongeza ulaji. Na oili iwe ya kipimo cha kiwanda. Gari lililoundwa kwa oili nyepesi ya 5W-30 likimiminiwa 20W-50 kwa sababu "injini zetu zinapenda nzito", injini inapambana na oili yake yenyewe.

Petroli ya bei ya juu, dawa za kuchanganya, sumaku za kufunga kwenye bomba?

Kama kitabu cha gari lako hakidai okteni ya juu, petroli hiyo haitakuongezea kilomita. Sumaku na vidude vya kuchomeka chini ya dashibodi ni biashara ya anayeviuza.

Ninunue asubuhi? Nijaze tenki au kidogo kidogo?

Matangi ya vituo yako ardhini, joto lake halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Tofauti utakayoipata hainunui hata chapati. Kuhusu kujaza, tenki lililojaa lita 50 lina uzito wa kilo 37 tu, kwa hiyo usiendeshe tenki likiwa karibu kukauka kwa ajili ya wepesi. Pampu ya mafuta iliyo ndani ya tenki hupozwa na mafuta yenyewe, na ikiungua bei yake itameza ulichookoa.

La maana zaidi ni pampu unayonunulia. Hakikisha namba zimeanza kwenye sifuri, na utafute stika ya UNBS, shirika la viwango la taifa, inayoonyesha pampu imekaguliwa. Ukiwa na daftari lako la kilomita kwa lita, kituo kinachopunja kitajionyesha chenyewe.

Nilipie barabara ya kasi ya Entebbe au nipite ya zamani?

Magari madogo hulipa shilingi 5,000, tangu malipo yalipoanza Januari 2022. Kwa bei niliyodhani, hiyo ni lita moja. Usiku au Jumapili asubuhi, barabara ya zamani ni bure na iko wazi. Ijumaa jioni, Kajjansi ikiwa imefunga, lita hiyo utaichoma ukiwa umesimama, na bado hujafika.

Mimi ni wa bodaboda. Nifanyeje?

Kwanza choki: irudishe mara injini inapopata joto. Nimeona pikipiki zikitoka Kisenyi mpaka Ntinda choki ikiwa imevutwa, moshi mweusi nyuma, na mwenyewe analaani bei ya petroli. Mnyororo mkavu au uliokaza kupita kiasi unakula nguvu, upake oili na uuache na ulegevu kidogo. Upepo wa tairi ya nyuma uongeze unapobeba abiria wawili, ambao kisheria hawapaswi kuwa wawili.

Na ile tabia ya kuzima injini kwenye mteremko wa Mengo au Makerere, iache. Unapoteza msaada wa injini wa kupunguza mwendo, na usiku kwenye pikipiki nyingi taa inakufa pamoja na injini. Faida yake ni matone.

Nina dereva niliyemwajiri. Nitamfanyaje abane mafuta?

Angalia kwanza unavyomlipa. Dereva wa taksi anayekuletea kiasi maalumu kila jioni na mafuta ni juu yake, tayari anabana, ila anabana kwa nyutro na kwa breki zako. Huyo mweleze habari ya injekta kukata mafuta, na umwonyeshe risiti ya pedi za breki. Dereva wa ofisi anayejaziwa mafuta na kampuni hana sababu ya kubana hata kidogo.

Kwa huyu wa pili, chukua wastani wa kilomita kwa lita wa gari lile kwenye njia ile kwa miezi miwili, kabla hujasema neno. Usimlinganishe anayekwenda Kabale na anayezunguka Kampala. Mlima na foleni haviko sawa. Kisha mwambie wastani ni huu, na kila lita atakayookoa kwa kuuzidi mtagawana nusu kwa nusu, fedha taslimu, mwisho wa mwezi. Usimwekee saa za kufika zisizowezekana, maana anayeambiwa awe Mbarara saa nne na ametoka Kampala saa moja na nusu hawezi kuendesha kwa 80.

Ikiwa wastani unashuka ghafla na gari halina tatizo, huenda mafuta yanaibwa: tazama kifuniko cha tenki na mahali gari linapolala.